Nafsi ya mnyama ni deni la Mkristo

*Makanisa ya Lubumbashi yanatofautiana kuhusu hatima ya wanyama baada ya kifo. Tofauti hiyo haimpi muumini yeyote ruhusa ya ukatili.*

Kabla ya mapambazuko ya tarehe 9 Septemba 2022, watu waliingia katika hifadhi ya sokwe ya J.A.C.K. mjini Lubumbashi na kuiba sokwe wachanga watatu kati ya watano waliokuwa wamelala humo. Walioibwa walikuwa César, Hussein na Monga. Wawili waliobaki walikutwa wamejificha jikoni. Baadaye simu ya Roxane Chantereau, ambaye pamoja na mumewe Franck walianzisha hifadhi hiyo mwaka 2006, ilipokea video ya watoto hao na madai ya pesa nyingi za kuwakomboa. Katika video hiyo Monga alionekana amefungwa mikono juu ya kichwa. Franck Chantereau aliwaeleza waandishi wa habari kwamba watekaji walisema walikuwa wamepanga kwanza kuwateka watoto wa familia yake, lakini hawakuwakuta. Hifadhi ilikataa kulipa, kwa hoja kwamba malipo hayo yangeziweka hatarini hifadhi nyingine zote za Afrika.

Tukio hilo limezungumzwa kama kesi ya polisi na kama suala la uhifadhi. Lina pia upande wa imani. Mwizi wa gunia la unga hulila au huliuza. Anayedai pesa za kukomboa anajua kwamba amekamata kiumbe anayeogopa, anayeumia na anayependwa. Watekaji wale waliyajua hayo yote na wakayageuza kuwa mtaji. Katika jiji lenye makanisa mengi kama Lubumbashi, ni haki kuuliza imani inafundisha nini kuhusu kiumbe wa namna hiyo. Je, ana nafsi? Na kama anayo, inatudai nini?

Komuni ya Kampemba ni mahali panapofaa kuuliza swali hilo, kwa sababu majibu yote yako humo. Kutoka Bel-Air hadi Bongonga, Wakatoliki, Wamethodisti, Waadventista, Wapentekoste na waumini wa makanisa ya uamsho wanasali jirani kwa jirani. Katika barabara hizohizo kuku hubebwa wakining'inia kichwa chini, miguu imefungwa kamba, na mbuzi hufika sokoni wakiwa wamebanwa juu ya mizigo. Wengi wanaobeba, wanaouza na wanaonunua ni watu wa sala. Anayeulizwa kuhusu mateso hayo ana jibu lililozoeleka: mnyama hana roho. Jibu hilo linahitaji kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa sehemu yake ya kwanza inapingana na Biblia, na hitimisho linalotolewa humo halifuati hata kama sehemu hiyo ingekuwa kweli.

Pumzi moja

Anayesema wanyama hawana nafsi hupata shida tangu ukurasa wa kwanza wa Biblia yake. Katika Kiebrania cha sura mbili za mwanzo za kitabu cha Mwanzo, viumbe wa majini, wanyama wa nchi kavu na Adamu wote wanaitwa kwa jina moja, nefesh haya, yaani nafsi iliyo hai. Tafsiri nyingi humwita mtu nafsi na mnyama kiumbe, na msomaji wa kawaida hana njia ya kugundua kwamba mwandishi wa kale hakujenga ukuta mahali hapo. Ukuta aliujenga kwingine, pale anaposema kwamba mwanadamu ndiye aliyeumbwa kwa sura na mfano wa Mungu, akapewa mamlaka juu ya viumbe wengine. Kinachomtofautisha mtu ni wito na dhima aliyokabidhiwa. Uhai wenyewe ameupokea pamoja na wengine, kutoka kwa Mpaji yuleyule.

Vitabu vingine vinashika mkondo huohuo. Baada ya gharika, agano la Mwanzo 9 linafanywa na Nuhu, na uzao wake, na kila kiumbe hai kilichotoka katika safina. Amri ya Sabato inawapumzisha mifugo pamoja na mtumishi na mgeni. Kumbukumbu la Torati linakataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka. Mithali 12:10 inaupima uadilifu wa mtu kwa namna anavyoujali uhai wa mnyama wake. Kitabu cha Yona kinafungwa na swali la Mungu kuhusu Ninawi, na miongoni mwa sababu za kuuhurumia mji huo wametajwa wanyama wake wengi. Mhubiri, katika sura ya 3, anasema mtu na mnyama wana pumzi moja na wanarudi katika mavumbi mamoja, kisha anauliza ni nani ajuaye kama roho ya mtu hupanda juu na ya mnyama hushuka chini.

Ni kweli kwamba Mhubiri anazungumza kama mtu anayeyatazama maisha chini ya jua na kukata tamaa, na maneno yake hayatoshi kuthibitisha kwamba mbuzi ataonekana mbinguni. Lakini yanatosha kumnyamazisha kila anayedai kwa uhakika kwamba Maandiko yamemnyima mnyama roho. Pale ambapo kitabu chenyewe kimeacha swali, mhubiri wa leo hana mamlaka ya kuweka nukta.

> Biblia haikumnyima mnyama nafsi. Ilichompa mwanadamu zaidi ni dhima.

Wakatoliki: nafsi ipo, umilele ni jambo jingine

Watu wengi hudhani kwamba Kanisa Katoliki linafundisha kuwa wanyama hawana nafsi. Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwalimu wake mkuu wa karne ya 13, alifundisha tofauti. Akimfuata Aristotle, alitenga nafsi za aina tatu: ya mmea, inayolisha na kukuza; ya mnyama, inayohisi na kutamani; na ya mtu, inayofikiri. Kwake mnyama asiye na nafsi angekuwa mzoga. Alichokanusha ni kwamba nafsi ya mnyama inaweza kudumu bila mwili, kwa kuwa kazi zake zote, kuona, kuogopa, kukumbuka, hufanywa na viungo vya mwili. Waliomgeuza mnyama kuwa mashine walikuja baadaye, na maarufu kuliko wote ni Mfaransa René Descartes katika karne ya 17. Mkristo anayesema kuku hana kitu ndani yake anafuata falsafa ya Descartes, ingawa anadhani anafuata mapokeo ya Kanisa.

Mafundisho ya karibuni yameliongezea jambo hili uzito. Tarehe 10 Januari 1990 Papa Yohane Paulo II, katika katekesi yake, alikumbusha kwamba Maandiko yanakiri kuwa wanyama nao wana pumzi ya uhai itokayo kwa Mungu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika aya za 2415 hadi 2418, inaruhusu kutumia wanyama kwa chakula na mavazi, lakini inasema mwanadamu anawiwa kuwatendea wema, na kwamba kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu mwenyewe. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliandika katika Laudato Si', aya ya 243, kwamba katika uzima wa milele kila kiumbe, akiwa amegeuzwa na kung'aa, atakuwa na nafasi yake.

Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu habari za uongo zimeenea. Mwezi Desemba 2014 magazeti makubwa ya Marekani na Ulaya yaliandika kwamba Papa Fransisko alimfariji mtoto aliyefiwa na mbwa wake kwa kumwambia kuwa peponi kuna nafasi kwa viumbe wote. Hakusema hivyo, maneno hayo yalikuwa yamehusishwa na Papa Paulo VI miaka mingi kabla, na magazeti yalilazimika kusahihisha. Kanisa Katoliki halijatamka kwamba mbwa huyu au sokwe yule atafufuka. Limetamka tumaini pana la uumbaji wote, na wajibu ulio wazi wa leo.

Urithi wa Wesley uliofika Katanga

Wamethodisti wa Kampemba wana sababu ya pekee ya kulichukulia suala hili kwa uzito. Kanisa lao lilipandwa Katanga mwanzoni mwa karne ya 20 na wamisionari kama John na Helen Springer, na limekuwa na kituo kikubwa cha elimu Mulungwishi, upande wa Likasi. Mwanzilishi wa mapokeo yao, John Wesley, alitoa mwaka 1781 hotuba ndefu inayojulikana kwa jina la ukombozi wa viumbe wote, akifafanua Warumi 8:19-22, ambapo Paulo anasema uumbaji wote unaugua ukingoja kuwekwa huru. Wesley alishikilia kwamba wanyama waliporomoka kwa kosa la mwanadamu, na kwamba haki ya Mungu inadai warejeshwe. Alikwenda hadi kuona kwamba huenda wakainuliwa juu kuliko walivyokuwa mwanzo. Alionyesha kwamba mafundisho hayo yana matunda hapahapa duniani: anayeamini kwamba Mungu hatamsahau mnyama atajifunza kumhurumia.

Waadventista Wasabato wanaingia kwenye mjadala kwa mlango tofauti kabisa. Wao hawaamini kwamba mwanadamu ana roho isiyokufa kwa asili yake. Mtu ni nafsi hai, akifa amelala, na tumaini lake ni ufufuo. Fundisho hili lina somo kwa makanisa yote. Kama kukosa roho isiyokufa kungetosha kuhalalisha mateso, basi kwa Mwadventista hata mwanadamu angeteswa kihalali. Hakuna Mwadventista anayesema hivyo, wala hapaswi kusema. Maana yake ni kwamba ubaya wa kumtesa kiumbe hautegemei kama ataishi milele. Unategemea kama anahisi maumivu sasa, na ni mali ya nani.

Sauti iliyochapwa Élisabethville

Katanga imewahi kuchangia mjadala huu kwa namna ambayo ulimwengu mzima uliisikia. Mwaka 1945, hapa mjini, wakati huo ukiitwa Élisabethville, kilichapwa kitabu cha Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933 na kuishi kati ya Waluba. Katika kitabu hicho kuhusu falsafa ya Kibantu alidai kwamba kwa Waluba kuwapo ni kuwa na nguvu ya uhai, na kwamba nguvu hiyo imepangwa kwa ngazi: Mungu, wahenga, walio hai, kisha wanyama, mimea na madini. Mnyama yuko chini ya mtu, lakini hayuko nje ya mnyororo wa uhai. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, katika utafiti wake wa mwaka 1956, alichora mipaka mikali zaidi, akimweka mnyama katika kundi la vitu visivyo na akili. Wanafalsafa wa Kiafrika waliofuata, akiwemo Valentin Mudimbe aliyezaliwa Likasi, walimkosoa Tempels kwa kuwafunga watu wengi katika fikra moja. Ukosoaji huo ni wa haki. Hata hivyo unabaki ukweli mmoja: dhana ya mnyama kama mashine isiyohisi haikutoka kwa wahenga wa Katanga.

Wachungaji wengine wana hofu hapa, na hofu yao inastahili kujibiwa kwa heshima. Wanasema tukikiri kwamba mnyama ana nafsi tutafungua mlango wa miiko ya ukoo na ya mizimu, na wa zile tuhuma zinazomgeuza paka au bundi kuwa chombo cha mchawi. Lakini tuhuma hizo hustawi pale ambapo mnyama hana mahali pake katika mafundisho ya Kanisa. Muumini aliyefundishwa kwamba paka ni kiumbe wa Mungu, mwenye pumzi aliyopewa na Mungu, hana sababu ya kumchoma moto kwa kumdhania shetani. Mafundisho kamili ya uumbaji ndiyo kinga. Kunyamaza huiacha nafasi wazi, na ushirikina huijaza.

> Kama mnyama hana maisha mengine, basi dhuluma anayotendewa hapa haina mahali pa kufidiwa.

Maswali mawili yaliyochanganywa

Kosa kubwa katika mjadala huu ni kuyaunganisha maswali mawili. La kwanza ni kama mnyama ana nafsi, na hapo Mwanzo na Thoma wa Akwino wanajibu ndiyo, kila mmoja kwa namna yake. La pili ni kama nafsi hiyo inadumu baada ya kifo, na hapo Wakristo waaminifu wanatofautiana tangu zamani: Thoma anakana, Wesley anatumaini, na C. S. Lewis, katika kitabu chake cha mwaka 1940 kuhusu tatizo la maumivu, alikisia kwamba wanyama wa kufugwa huenda wakauingia uzima kupitia mabwana wao. Anayetumia shaka ya swali la pili kufuta jibu la swali la kwanza anatoka kwenye imani na kuingia kwenye kisingizio.

Tuchukue sasa upande mgumu zaidi, tuseme mnyama akifa amekwisha kabisa. Je, mkono wa binadamu umekuwa huru? Mwaka 1776 kasisi Mwanglikana Humphrey Primatt alijibu kinyume. Mtu aliyedhulumiwa, alisema, anaweza kutumaini malipo katika maisha yajayo. Mnyama asiye na maisha hayo hana tumaini hilo, kwa hiyo ubaya anaotendewa hauwezi kurekebishwa kamwe. Hoja hii haijajibiwa hadi leo, na inawabana hasa wale wanaokana umilele wa wanyama. Kadiri unavyosadiki kwamba mbuzi ana maisha haya tu, ndivyo unavyopaswa kuogopa zaidi kuyajaza maumivu yasiyo na sababu. Anayeamini na Wesley ana sababu ya kuwahurumia wanyama. Anayeamini na Thoma anayo sababu kubwa zaidi.

Pingamizi na majibu

Wapo watakaotaja Agano Jipya. Paulo, katika 1 Wakorintho 9, anauliza kama Mungu anawajali ng'ombe, na Injili zinasimulia nguruwe wapatao 2,000 waliozama ziwani baada ya pepo kuwaingia. Agostino, askofu wa Hippo kaskazini mwa Afrika, aliutumia mkasa huo wa nguruwe kuonyesha kwamba wanyama hawana haki sawa na watu. Lakini Agostino alikuwa akipambana na Wamanikayo, waliofundisha kwamba hata kuchuma tunda ni kosa. Alikuwa akilinda ruhusa ya kula, hakuwa akitetea mateso. Paulo naye anapanda kutoka amri ndogo kwenda kubwa: kama mpuraji asiyesema hanyimwi chakula, sembuse mhubiri? Hoja yake ingeanguka kama amri kuhusu ng'ombe ingekuwa haina maana. Na katika habari ya nguruwe, walioangamiza ni pepo. Yesu mwenyewe, katika Luka 12, anasema hata shomoro mmoja hasahauliwi mbele za Mungu.

Wengine watasema kwamba nyama ni chakula, na kwamba huruma ya namna hii itatupeleka kwenye kuacha kula. Biblia inaruhusu nyama baada ya gharika, na karibu makanisa yote ya Kampemba yanaifuata ruhusa hiyo. Hata hivyo ruhusa hiyohiyo, katika Mwanzo 9, imekuja na sharti kuhusu damu, ili anayekula akumbuke kwamba amechukua uhai usio wake. Kuchinja kwa haraka na kisu kikali kunatimiza ruhusa. Kumbeba kuku kutwa nzima kichwa chini hakumo katika ruhusa yoyote.

Pingamizi zito kuliko yote ni la njaa na vita. Nchi yetu ina mamilioni ya watu waliohama makwao mashariki, na wengine wanaona ni aibu kuzungumzia kuku. Katekisimu yenyewe inasema si sawa kutumia kwa wanyama pesa zinazopaswa kwanza kupunguza mateso ya watu, na ni sahihi. Lakini sehemu kubwa ya wema tunaoudai hapa haigharimu hata faranga moja: kutofunga kamba kwa nguvu, kumpa mnyama maji, kutomchezea anapokufa. Tena ukatili hauna vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta. Watekaji wa mwaka 2022, kwa maelezo ya mwenye hifadhi, waliwataka kwanza watoto wa watu, wakaishia kwa watoto wa sokwe. Mkono uleule ungefanya yote mawili.

Kilicho hatarini

Kongo ndiyo nchi pekee duniani yenye sokwe, bonobo na masokwe wakubwa wanaoitwa gorila, na bonobo hawapatikani porini kwingine kokote. Sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa maumbile inawalinda. Lakini sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya spishi na makazi yake. Mbuzi wa sokoni haimfikii, na hata sokwe haimfikii usiku pasipo mlinzi. Pale sheria inapoishia, inabaki dhamiri, na dhamiri za watu wa Lubumbashi hufundishwa zaidi kanisani kuliko mahakamani.

Vilevile suala hili linagusa maji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta uchafuzi wa metali katika matope ya bonde la mto Naviundu, upande wa mashariki wa jiji letu. Samaki wa mto huo na mtoto anayecheza ukingoni wanapata sumu moja. Paulo anapoandika kwamba uumbaji wote unaugua pamoja, msomaji wa Lubumbashi hahitaji kwenda mbali kutafuta ufafanuzi, na kanisa linaloona thamani ya samaki halitachelewa kuuliza kuhusu maji ya watu.

Yanayowezekana ni mengi na hayahitaji fedha. Maparokia yanaweza kuitumia tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, kuwafundisha watoto wa katekisimu zile aya nne za Katekisimu kuhusu wanyama. Wamethodisti wanaweza kuirudisha hotuba ya Wesley kwenye mafunzo ya wachungaji. Makanisa ya uamsho, yenye nguvu ya kuwafikia wachuuzi na madereva, yanaweza kuhubiri Mithali 12:10 kama yanavyohubiri zaka. Kila moja litabaki na imani yake kuhusu mbingu, na hakuna litakalolazimika kubadilisha fundisho hata moja.

Wanateolojia wanaweza kuendelea kubishana kwa karne nyingi kama wanyama watafufuka, wala hakuna atakayedhurika kwa mabishano hayo. Uhai walio nao leo hauna ubishi: umetoka kwa Mungu, umewekwa mikononi mwa mwanadamu, na aliyekabidhiwa atadaiwa hesabu yake.